Kuoa, Kuolewa na Kalamu Nyekundu

Mwezi uliopita, katika chumba cha walimu, nilielezwa kwa mara nyingine kwamba mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tano amechanganywa na wingi wa lugha. Kwao Pangani huzungumzwa Kizigua, madrasa alisoma Kiarabu cha Kurani, shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili miaka 7, na alipoingia sekondari masomo karibu yote yakageuka kuwa ya Kiingereza. Mwenzangu alinionyesha insha yake iliyojaa wino mwekundu, akashauri wazazi waache kumsemesha kilugha. Ushauri huo nimeusikia mpaka umenichosha.

Insha ilihusu hadithi fupi ya mwandishi Mmarekani Kate Chopin, "The Story of an Hour", iliyotoka katika jarida la Vogue mwaka 1894. Louise Mallard anapashwa habari kwamba mumewe, Brently, amekufa katika ajali ya treni. Anajifungia chumbani, na mbele ya dirisha lililo wazi anatambua kwamba sasa yu huru. Saa haijaisha, mume anaingia akiwa mzima, na mke anaanguka na kufa. Madaktari wanasema ameuawa na furaha.

Kuandika "he" panapotakiwa "she" ni kosa, na lisahihishwe. Kizigua, kama Kiswahili, hakitenganishi mume na mke katika nafsi ya tatu, kwa hiyo mkono hutangulia kabla akili haijakagua. Hilo halithibitishi kwamba binti huyu hakujua mke ni yupi.

Kilichonikera ni mstari mzito uliopigwa chini ya sentensi hii: "Louise was married by Brently." Kwa Kiingereza, maana yake ni kwamba Brently ndiye aliyefungisha ndoa, kama kasisi au kadhi, kwa hiyo mwenzangu hakukosea kusahihisha. Lakini itazameni kwa jicho la Kiswahili, ambamo mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na anayesema "Louise alimwoa Brently" huchekwa hata na watoto. Naam, kuna "kuoana", na wanasarufi watanikumbusha. Hata hivyo, bibi harusi akiulizwa habari zake hajibu kwamba ameoana. Wale wanaojisifu kwamba lugha yetu haina mfumo dume kwa sababu "yeye" ni mmoja kwa wote wangetafakari kitenzi hiki kwanza. Binti huyu alimwona Louise kama mtu aliyetendwa, na hadithi nzima inahusu mwanamke anayeonja kwa saa moja tu ladha ya kuwa mtenda. Hapo sioni mkanganyiko wowote.

Pambizoni mwa nakala yake ya hadithi, kwa penseli na kwa Kiswahili, alikuwa ameandika: "Hii ni eda ya saa moja." Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10, akijizuia kwa ajili ya aliyekufa, Louise naye anajitenga, lakini macho yake yako nje, kwenye miti ya majira ya kuchipua. Uchambuzi huo haukupata alama hata moja, kwa kuwa haukuwa ndani ya insha wala haukuwa kwa Kiingereza.

Chopin mwenyewe alikulia St. Louis akizungumza Kifaransa na Kiingereza, na baadaye alifasiri hadithi za mwandishi Mfaransa Maupassant. Sijui kama naye aliwahi kushauriwa kupunguza lugha.

Nakiri kwamba huenda ninalipamba kosa la kawaida la sarufi, kwani binti hakuniambia kwamba aliikusudia maana hiyo, na msahihishaji wa mtihani wa taifa hatamwuliza. Kwa hofu hiyo nilimtaka airekebishe sentensi. Kesho yake aliniletea daftari: "Brently married Louise." Nikaweka alama ya vema, ingawa ile ya kwanza ndiyo ninayoendelea kuifikiria.