Permakalcha kwa biashara na jamii zinazojitegemea: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Permakalcha, yaani mbinu ya kusanifu mashamba na makazi kwa kuiga mifumo ya asili, ilizaliwa kisiwani Tasmania, Australia, katika miaka ya 1970. Bill Mollison alikuwa mhadhiri, David Holmgren mwanafunzi, na kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1978. Kilichowasumbua ni kilimo: mashamba ya zao moja, yanayolimwa upya kila mwaka, yanayopoteza udongo na kuishi kwa mafuta ya petroli. Mwaka 2002 Holmgren alizipanga kanuni zake kuwa 12, na tangu hapo zinanukuliwa hata mbali na shamba: kwenye mipango ya biashara, katika vyama vya ushirika, katika mazungumzo ya watu wanaotaka kuishi pamoja na kujitosheleza. Njiani zimeokota mengi ambayo waasisi hawakuyasema.

"Permakalcha ni kilimo hai kwa jina jingine"

Hii ndiyo dhana inayozaa nyingine nyingi. Kilimo hai kinaeleza unachoruhusiwa kutia shambani na usichoruhusiwa. Permakalcha inauliza kitu kiwekwe wapi, karibu na nini, na kitapokezana nini na jirani yake. Ni kazi ya kusanifu, na shamba lilikuwa tu mahali pa kwanza pa kuifanyia.

Mfano aliopenda Mollison ni kuku. Andika mahitaji yake: chakula, maji, banda, vumbi la kuogea, kuku wenzake. Andika anachotoa: mayai, samadi, manyoya, joto la mwili. Andika na tabia zake: kuchakura, kula wadudu, kutangatanga. Kisha tazama kilicho jirani. Hitaji lisilotimizwa na jirani yeyote linageuka kazi ya mwenye shamba. Kinachotolewa kisipate wa kukitumia kinageuka uchafu. Banda likijengwa mbali na bustani, mtu atabeba chakula kwenda na samadi kurudi, kila siku, mpaka achoke au ahamishe banda.

Zoezi hilohilo linafanyika kwenye biashara. Karakana ya useremala inahitaji mbao, umeme, wateja na mahali pakavu pa kuhifadhia. Inatoa samani, lakini inatoa pia vumbi la mbao, vipande vidogo, mafundi waliofuzu, na nafasi inayokaa tupu usiku. Wenye karakana wengi huhesabu samani peke yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa kanda ambazo permakalcha hugawa eneo, kuanzia kanda 0 nyumbani hadi kanda 5 porini: kinachohitaji jicho kila saa hukaa karibu, kinachojiendea chenyewe hukaa mbali. Ofisi inayompokelea mteja malalamiko ghorofa tatu chini ya anayeweza kuyatatua imeikosa kanuni hii, hata kama imepanda mboga juu ya paa.

"Inapinga faida na mashine"

Kanuni ya 3 ya Holmgren ni kupata mavuno. Imetangulia ile ya kutozalisha taka na ile ya kuthamini utofauti. Misingi ya kimaadili nayo ni mitatu: kutunza ardhi, kutunza watu, na kugawana ziada, asiye na ziada hana cha kugawana. Kuhusu mashine, Mollison aliandika kwa kirefu jinsi ya kutumia mitambo mizito kuchimba mabwawa na makinga maji. Hoja yake ilikuwa kwamba mafuta yakichomwa mara moja kujenga kitu kitakachokusanya maji kwa miongo mingi, hesabu inalipa. Yakichomwa kila msimu kulima palepale, hailipi.

Kwa maoni yangu, panapopotoka zaidi hapa ni kwenye ruzuku. Kanuni ya 4 inataka mfumo ujirekebishe kwa kusikiliza mrejesho. Biashara ya kijani ambayo mishahara yake hulipwa na mfadhili mwaka baada ya mwaka haimsikii mteja. Akiikataa bidhaa hakuna kinachotikisika, hadi siku mradi unapofungwa. Mtaji wa kuanzia ni jambo tofauti, kwa sababu mwisho wake unajulikana tangu mwanzo.

"Kutozalisha taka maana yake ni kurejeleza"

Kurejeleza kunaanza pale taka imeshakuwepo. Kanuni inataka kitu kipangiwe wa kukipokea kabla hakijawa taka, na mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu unatoka kwenye viwanda ambavyo havikuwa na habari na permakalcha.

Kalundborg ni mji mdogo wa bandari nchini Denmark. Maji ya ardhini hapo hayakutosha, na mwaka 1961 kiwanda cha kusafisha mafuta kikaanza kuvuta maji kutoka ziwa Tissø. Mwaka 1972 kiwanda hicho kikaanza kuuza gesi iliyokuwa ikichomwa bure kwa jirani anayetengeneza bodi za jasi. Baadaye kituo cha umeme cha Asnæs kikapeleka mvuke kwa kiwanda cha mafuta na kwa kampuni ya dawa ya Novo Nordisk, na joto lake likapasha nyumba za mji. Masalia ya uchachushaji ya Novo Nordisk yakaenda kwa wakulima kama mbolea. Mwaka 1993 kituo cha umeme kikafunga mtambo wa kuondoa salfa kwenye moshi, na kilichotoka humo kilikuwa jasi. Mwenye kiwanda cha bodi akainunua badala ya kutegemea ile ya machimboni tu.

Watu hudhani kuna mtu alikaa akachora ramani ya haya yote. Hakuna. Yalikuwa makubaliano ya wawili wawili, kila moja likiwa na faida kwa pande zote mbili, yakarundikana kwa miongo. Neno la kuyataja kwa pamoja lilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati mabomba yalikuwa tayari yanafanya kazi. Mameneja walifahamiana kwa sababu mji ni mdogo. Serikali na mashirika yanayojenga maeneo ya viwanda kwa kuiga Kalundborg huanza na majengo, kisha wakatafuta wa kuunganishwa. Wameanzia mwisho.

Kuna upande wa pili ambao waandishi wa biashara za kijani hupenda kuuruka. Jasi ya Asnæs ilitokana na salfa ya makaa ya mawe. Kituo kikiachana na makaa, kama kilivyofanya baadaye kwa kugeukia vipande vya mbao, mkondo wa jasi unakauka. Anayejenga riziki yake juu ya taka ya mwenzake ajue taka hiyo inatokana na nini, na kama jamii ina sababu nzuri ya kutaka ikome. Ndiyo maana permakalcha inasisitiza kwamba kila kazi muhimu itegemezwe na zaidi ya chanzo kimoja.

"Utofauti ni kuwa na vitu vingi"

Kampuni yenye bidhaa 10 zinazonunuliwa na mteja mmoja haina utofauti. Ina bidhaa 10 zitakazokufa siku moja. Kinachohesabiwa ni idadi ya uhusiano unaofanya kazi. Vitu vitatu vinavyolishana vinashinda ishirini vilivyopangwa kwenye rafu bila kujuana.

"'Ndogo na polepole' ni kukubali kubaki mdogo"

Kanuni ya 9 inazungumzia ukubwa wa kipande, haisemi vipande vikome vingapi. Msitu ni mkubwa, lakini haukuota kama mti mmoja.

Shirika la uuguzi wa majumbani la Buurtzorg huko Uholanzi ni kielelezo kizuri, ingawa halikuchota kutoka permakalcha. Jos de Blok alilianzisha mwaka 2006, na timu ya kwanza ilikuwa na wauguzi wachache tu. Kila timu hujipangia zamu, hujiajiria wenzake na kuhudumia mtaa wake. Timu ikizidi watu 12, inagawanyika. Kwa njia hiyo shirika limefikia maelfu ya wauguzi, huku ofisi kuu ikibaki na watu wachache. Hakuna meneja anayesimamia timu. Kuna washauri wanaopigiwa simu timu inapokwama.

Upole wa mwendo una gharama yake, lazima isemwe. Soko ambalo mshindi ni anayefika wa kwanza halimsubiri anayeotesha mizizi. Kanuni hizi zinafaa zaidi biashara ambazo thamani yake ni imani ya watu: huduma, chakula, ukarabati, elimu. Kwa anayetaka kuuza programu kwa mamilioni ndani ya mwaka mmoja, sidhani kama zina mengi ya kumpa.

"Jamii inayojitegemea haihitaji mtu wa nje"

Jaribio hili limewahi kufanywa kwa fedha nyingi na wanasayansi hodari. Septemba 1991 watu wanane walifungiwa ndani ya Biosphere 2, jengo la vioo katika jangwa la Arizona, Marekani, lenye zaidi ya hekta moja ya msitu, mashamba na hata bahari ndogo. Walipaswa kuishi miaka miwili kwa walichozalisha ndani, hewa ikiwemo. Chakula walipata kwa sehemu kubwa, ingawa njaa ilikuwa mwenzao. Oksijeni ndiyo iliyowashinda: ilishuka kutoka karibu asilimia 21 hadi kama 14.5, kiasi cha watu kushindwa kupanda ngazi bila kuhema. Vijidudu vya udongo uliorutubishwa mno viliitumia, na kabonidioksidi waliyotoa ikanyonywa na zege la jengo, hivyo mimea haikupata ya kuibadili tena kuwa oksijeni. Januari 1993 ikabidi oksijeni iletwe kutoka nje.

Sidhani jaribio lile lilikuwa la kipuuzi. Lilionyesha kwamba kadiri mfumo unavyokuwa mdogo na kufungwa, ndivyo kosa dogo lisivyo na pa kupumulia. Holmgren ana kanuni ya 11 kuhusu mipaka: mahali maji yanapokutana na nchi kavu, au msitu na mbuga, ndipo kwenye uhai mwingi. Jamii inayojenga ukuta inaziba mahali penye rutuba kuliko pote.

Kujitegemea kwa maana ya permakalcha ni kuamua kipi kiondoke haraka na kipi kizunguke kwanza. Fedha ni mfano mzuri. Mwaka 1934, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, wafanyabiashara wa Uswisi walianzisha WIR, mtandao wa mikopo ya kukopeshana. Franka za kawaida zilikuwa adimu, lakini mwokaji bado alikuwa na mkate na fundi bado alikuwa na mikono. Kwa hiyo wakafungua daftari la pamoja: ninachokuuzia kinaandikwa upande wangu, nami natumia salio hilo kununua kwa mwanachama mwingine. Salio la WIR halitoki nje ya wanachama, likabaki likizunguka kati yao. Baadaye WIR ikawa benki kamili, na utaratibu huo umevuka hadi karne ya 21. Hata hivyo hakuna mwanachama aliyeacha franka za kawaida. Aliendesha zote mbili.

Mondragón, katika nchi ya Wabasque huko Hispania, inaonyesha upande mwingine. Ushirika wa kwanza ulianza mwaka 1956 kwa msukumo wa padri José María Arizmendiarrieta, ukawa familia ya vyama vya ushirika vinavyochangiana. Mwaka 2013 Fagor Electrodomésticos, iliyokuwa ikitengeneza vyombo vya umeme vya nyumbani na ndiyo iliyokuwa mizizi ya familia hiyo, ilifilisika. Ilikuwa imewekeza nje kwa mikopo, kisha soko la nyumba la Hispania likaporomoka. Vyama vingine vilikuwa vimeikopesha, vikafika mahali vikakataa kuendelea. Wengi wa wanachama wake walihamishiwa kwenye vyama vingine vya familia au wakastaafishwa mapema. Wafanyakazi walioajiriwa bila uanachama hawakuwa na kinga hiyo. Mondragón ikaendelea kuwepo. Wanaoitaja kama paradiso ya ushirika husahau wafanyakazi hao wasio wanachama. Wanaoitaja kama ushahidi wa kushindwa husahau kwamba kampuni ya kawaida ingewaachia wote barua ya kuagwa.

"Ukishapanga vizuri, asili itafanya kazi yote"

Hapana. Kazi husogezwa mbele na kupunguzwa, haifutwi. Shamba la permakalcha la Bec Hellouin, Normandy, Ufaransa, lilifuatiliwa na watafiti wa INRA na AgroParisTech, taasisi za kilimo za nchi hiyo, kati ya 2011 na 2015 kwenye mita za mraba 1,000 zilizolimwa kwa mikono, karibu bila mashine, na ikaonekana kipato cha mtu mmoja kinawezekana. Watu walishangilia, wakaacha kusoma hapo. Kipande hicho kilikuwa ndani ya shamba pana zaidi, kikipata samadi kutoka nje, na wakulima wake walikuwa mafundi hasa. Shamba pia liliingiza fedha kwa kufundisha. Kufundisha si kosa, ila anayepanga biashara yake kwa kuiga shamba la namna hiyo aulize ni sehemu gani ya mapato ilitokana na mboga.

"Kampuni ikitaja permakalcha, imekaguliwa"

Kilimo hai kina vyeti na wakaguzi, na katika nchi nyingi kina sheria. Permakalcha ina kozi ya usanifu ya saa 72, na cheti chake kinasema umehudhuria. Hakuna mkaguzi anayekuja kazini kwako. Kwa hiyo uchunguzi unabaki kwa mnunuzi, mwekezaji au anayealikwa kujiunga na kijiji kipya. Waombe wachore kinachoingia na kinachotoka, na nani anapokea kila kinachotoka. Waulize nini kitatokea mpokeaji mmoja akifunga milango. Waulize ziada ya mwaka jana iligawanywa vipi, na nani aliamua.