Ardhi ya mababu iliyo mikononi mwa serikali: jueni mlango wa kubisha

Malalamiko yanayofika katika ofisi za ardhi hapa Pwani ya Kenya siku hizi yanafanana. Wazee wanne au watano wanaingia na mfuko wa nailoni. Ndani mna nakala ya ramani iliyofifia, barua ya zamani iliyopigwa muhuri wa mkuu wa wilaya, na majina yaliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi za daftari. Wakishaketi wanasema, "Tumekuja kuchukua hati yetu." Hati hiyo haijatengenezwa, na haitatengenezwa mpaka hatua za kisheria zipitiwe. Anayewaambia imeshatoka na inangoja ada ndogo tu anawaibia.

Sina shaka na madai yenyewe. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai ukanda wa Pwani wajitokeze, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Taji, yaani ya ufalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi walimiliki kwa ukoo wala hawakuwa na karatasi, wakaachwa nje. Baada ya uhuru ardhi ya Taji ikawa ya serikali, na Katiba ya 2010 ikaiita ardhi ya umma. Ndiyo maana mtu analima alipolima babu yake na bado anaitwa skwota, mkaaji asiye na hati. Lakini ukweli wa historia na utaratibu wa kurudishiwa ardhi ni mambo mawili, na madai mengi hufa kwa sababu yalipelekwa pasipo pake.

Swali la kwanza ni hili: ardhi mnayodai iko katika hali gani leo? Kifungu cha 63 cha Katiba kinatambua kuwa ya jamii ile ardhi ya malisho, misitu ya jamii, mahali pa ibada, ardhi ya mababu, na iliyokuwa amana chini ya mabaraza ya zamani ya kaunti. Kama haijasajiliwa, serikali ya kaunti inaishikilia kwa niaba yenu. Inaishikilia tu. Gavana hawezi kuigawa, na diwani hawezi kuiuza.

Hapo mlango wenu ni Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na ningependa mwelewe inavyokwenda. Msajili wa ardhi ya jamii hutoa tangazo katika gazeti linalosomwa nchi nzima na katika redio inayosikika nchi nzima, akiwaita mkutanoni wanajamii wote wenye maslahi katika ardhi hiyo. Katika mkutano huo mnachagua kamati ya watu wasiopungua 7 na wasiozidi 15. Kisha mnapeleka kwa Msajili jina la jamii, daftari la wanajamii, kumbukumbu za mkutano na kanuni mtakazojiendesha nazo. Baadaye hutolewa taarifa ya siku 60 ya nia ya kupima, ili kila mwenye dai kinzani ajitokeze. Siku hizo 60 watu huziona za bure, halafu wanakuja kulia mwaka wa pili kwamba mpaka umewakata. Mkiona tangazo, someni. Kama mna pingamizi, liandikeni na mlipeleke ndani ya muda huo. Kulalamika barazani kwa chifu hakutoshi.

Daftari la wanajamii ndilo linalotusumbua zaidi sisi wa ofisi ya ardhi. Tunaletewa madaftari yasiyo na jina la mwanamke hata mmoja, ama yenye ukoo mmoja tu ilhali kijiji kina koo sita. Sheria inataka wanawake, vijana, walemavu na walio wachache watendewe sawa na wengine. Tumeshasema hili mara nyingi na tutaendelea kusema: daftari la upande mmoja litarudishwa, na hilo halitakuwa hujuma ya ofisi.

Jambo jingine lieleweke mapema. Hati hutoka kwa jina la jamii. Wanakamati si wenye ardhi, na kuiuza au kuitoa ardhi kunahitaji kuungwa mkono na angalau theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa. Mwenyekiti aliyetia sahihi peke yake na mwekezaji hakuuza kitu.

Mlango wa pili ni wa ardhi iliyokwisha kuwa ya umma au ya mtu binafsi kwa njia ya dhuluma. Hiyo ni kazi ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Dhuluma inayohusika ni iliyotokea kati ya 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010, ikawaondoa watu makwao, na haijatatuliwa. Tume inaweza kupendekeza mrudishiwe ardhi, mlipwe fidia, mpewe makao kwingine, au hati iliyopatikana vibaya ifutwe. Marekebisho ya sheria ya Tume hiyo yaliyoanza Septemba 2016 yalitoa miaka mitano ya kupokea madai. Waliowasilisha katika muda huo watunze stakabadhi yenye nambari ya dai. Wanaotaka kudai sasa waulize kwanza Tume ni masharti gani yanayotumika leo, kabla ya kumlipa yeyote wa kuwaandikia.

Msitu wa serikali, mbuga na hifadhi ni habari nyingine. Afisa wa ardhi hana mamlaka ya kuvigawa, hata akikuhurumia. Waogiek, jamii ya msitu wa Mau, walifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, wakashinda 26 Mei 2017, na 23 Juni 2022 mahakama ikaagiza wapimiwe na kupewa hati ya pamoja, juu ya fidia. Waendorois wa Ziwa Bogoria nao walipitia Kamisheni ya Afrika ya haki hizo. Njia hiyo ni ndefu, na jamii hizo zilijiandaa kwa ushahidi miaka mingi.

Kuhusu misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, baadhi ni turathi za taifa na mwaka 2008 zikaingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Huo ni ulinzi wa mahali. Haumpi mzee wala kamati hatimiliki.

Adhabu sipendi kuzitaja, ila watu wanaingizwa mtegoni. Kutoa taarifa ya uongo kwa kujua ili kusajili ardhi ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Kuvamia ardhi ya umma ni faini isiyozidi 500,000, na ukiendelea, hadi 10,000 kwa kila siku. Kuvamia ardhi ya jamii pia ni kosa lenye faini hadi 500,000 au kifungo hadi miaka 3. Kwa hiyo msijenge vibanda usiku mkidhani vitawaongezea haki.

Badala yake, tumieni muda wenu kukusanya ushahidi. Mwaka mmoja tulikwenda uwandani na mzee ambaye hakuwa na karatasi yoyote. Alitupeleka kwenye kisiki cha mwembe, akahesabu hatua hadi kwenye vigango viwili, nguzo za kuwakumbuka wafu, vilivyoinama, akataja waliozikwa hapo na waliopakana nao upande wa baharini. Msoroveya alichukua vipimo, na mjukuu akaandika majina yote. Mzee huyo hayupo tena, lakini majina na vipimo vimo katika faili.