Kwa nini marufuku ya magari ya mitumba Ufilipino iliishia kwenye uzio?

Anayeagiza gari Japani kulipitisha Mombasa analijua sharti la miaka minane: likizidi umri huo, Kenya hailipokei. Ufilipino hawakuhangaika na umri. Tarehe 12 Desemba 2002, Rais Gloria Macapagal-Arroyo alitia saini Amri Na. 156 iliyopiga marufuku kuingiza magari yaliyotumika. Yaliyosamehewa yalikuwa machache, yakiwemo ya wakazi wanaorejea nyumbani, ya wanadiplomasia, malori makubwa, mabasi na magari ya kazi maalumu kama ya zimamoto. Lengo lilikuwa kuvilinda viwanda vya magari vya ndani.

Kilio kikubwa kilitoka Subic, kaskazini-magharibi ya Manila. Hapo palikuwa kambi ya jeshi la majini la Marekani hadi 1992. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria Na. 7227 iliyopafanya kuwa bandari huru, mzigo uingie na kutoka bila ushuru. Magari ya Japani yalishushwa pale yakiwa na usukani wa kulia, lakini Wafilipino huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo lazima usukani uwe kushoto. Mafundi wakawa wanafumua dashibodi na kuhamisha usukani, pedeli na waya zake kwenda upande wa pili. Ni kazi ya kutisha kidogo ukiifikiria, hasa kwa atakayelinunua gari hilo. Ila ilikuwa biashara, na amri ile ilikusudia kuifunga.

Waagizaji, mmoja wao kampuni ya minada, wakafungua kesi Olongapo, mji ulio jirani na Subic, wakidai amri ni batili. Wakashinda, na Mahakama ya Rufani nayo ikawaunga mkono. Serikali ikapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi tarehe 20 Februari 2006.

Hapo ndipo utamu wenyewe ulipo. Majaji walianza na swali la mamlaka: rais amepata wapi nguvu ya kuzuia bidhaa isiingie nchini? Hoja hiyo waagizaji waliipoteza. Katiba ya Ufilipino inaliruhusu Bunge kumkasimu rais madaraka ya kupanga ushuru na viwango vya uagizaji, na sheria za forodha, za uwekezaji na za kulinda viwanda zilikuwa zimeshamkasimu.

Swali la pili, la utaratibu, halikupiganiwa kabisa. Sheria ilitaka uchunguzi na kusikiliza wadau kabla ya marufuku, lakini waagizaji hawakuwahi kulalamika mahakamani kwamba hatua hizo zilirukwa. Mahakama ikachukulia kwamba zilifuatwa. Kwangu mimi, hapo mawakili waliacha silaha nzuri nyumbani.

Kilichowaokoa ni mipaka ya amri yenyewe. Kama shabaha ni kulinda viwanda vya ndani, gari lililobaki Subic au lililouzwa tena nje ya nchi linamdhuru nani? Halijaingia kwenye soko la ndani. Zaidi ya hapo, Bunge lilishasema bidhaa ziingie Subic kwa uhuru, na amri ya rais haiwezi kuirekebisha sheria ya Bunge. Kwa hiyo amri ikabaki halali Ufilipino nzima, isipokuwa ndani ya eneo la kambi ya zamani lililozungushiwa uzio. Ndani ya uzio, gari ruksa. Likivuka lango kuingia nchini, marufuku inalidaka. Kwa muuzaji aliyekuwa akitegemea wateja wa Manila, huo ulikuwa ushindi mwembamba.

Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mwingine, kampuni iliyokuwa ikiingiza magari kupitia bandari za Aparri na San Fernando. Ilileta hoja ya kijanja: mwaka 2005 serikali ilitoa amri nyingine, Na. 418, iliyoweka ushuru wa peso 500,000 kwa magari yaliyotumika, na huwezi kutoza ushuru kitu ulichokipiga marufuku, hivyo marufuku imejifuta yenyewe. Mahakama ya Juu haikukubali. Ikasema amri ya 2005 ilibadilisha viwango vya ushuru tu, na ile ya 2002 bado iko hai. Na bandari hizo mbili hazikuwa ndani ya uzio wa Subic.