Je, wajua? Mtalaka asiyerithi anaweza kulipwa kabla ya warithi

Matanga yakishaanuliwa, ukoo hukaa kikao cha kupendekeza msimamizi wa mirathi. Iwe Uyole, Tukuyu au Mafinga, mwanamke aliyeachwa akitokea na madai yake hujibiwa hivi: “Mliachana, huna chako hapa.” Nusu ya jibu hilo ni kweli: talaka huondoa haki ya kurithi. Lakini haifuti deni.

Pande zote mbili hukosea hapa. Ukoo hudhani deni limezikwa na marehemu. Mtalaka naye huenda mahakamani kujiorodhesha kama mrithi, anaondolewa kwa kuwa kweli si mrithi, na alichokuwa anadai hakiguswi kabisa. Anatakiwa kuingia kama mdai.

Mkulima wa kahawa Mbozi anaelewa jambo hili vizuri. Akipeleka kahawa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, fedha ya mauzo haiji nyumbani nzima. Hukatwa kwanza mkopo wa pembejeo na gharama za chama, na kinachobaki ndicho familia inachogawana. Mtoto hawezi kudai sehemu ya fedha iliyokwenda kulipa mbolea, kwa sababu haikuwa ya familia tangu mwanzo. Mirathi nayo huenda hivyo: mazishi, gharama za usimamizi, madeni, kisha warithi. Makato yakimaliza mali yote, warithi hawapati kitu. Na deni likizidi mali, warithi hawalazimiki kulipa pengo kutoka mifukoni mwao.

Kabla ya yote, hakikisha kweli kuna talaka. Chini ya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, barua ya ukoo, kurudishwa kwa wazazi au miaka kumi ya kutengana havivunji ndoa. Inatakiwa amri ya mahakama. Wapo wanaoitwa watalaka mtaani ambao kisheria ni wajane, na madai ya mjane ni mengine kabisa.

Amri ikiwepo, isome mstari kwa mstari, maana kila stahili ina njia yake. Mgawo wa mali ya ndoa, mathalani sehemu ya nyumba iliyobaki kwa jina la mume, haukupaswa kuhesabiwa kuwa mali ya marehemu. Onyesha tuzo, yaani hati ya mahakama inayotaja kilichoamuliwa, ili msimamizi asiiorodheshe nyumba nzima. Matunzo ya mtalaka ndiyo yenye ajabu. Kama hayakuwekewa dhamana ya mali, kifo huyasimamisha papo hapo, lakini yaliyolimbikizwa kabla ya kifo hugeuka deni la mirathi. Tuseme amri ilikuwa shilingi 100,000 kila tarehe 5, kuanzia Januari 2022, na mume amefariki Machi 20, 2024. Miezi iliyodaiwa ni 27. Kama alilipa 10, deni ni 1,700,000. Aprili haimo. Anayeongeza miezi ya baada ya kifo huifanya hesabu yake yote itiliwe shaka.

Watoto wasichanganywe humo. Talaka ya wazazi haiwaondoi kwenye urithi wa baba yao, hivyo wao wanabaki warithi hata kama mama yao ni mdai tu.

Kwa ndoa za Kiislamu kuna mambo mawili ya kuangalia: mahari iliyoahirishwa ni deni linalotangulia mgawanyo, na mke aliye ndani ya eda (muda wa kungoja baada ya talaka) ya talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kumrudia mkewe, bado hurithi.

Sasa utaratibu. Chukua nakala ya hukumu na tuzo iliyothibitishwa kutoka mahakama iliyotoa talaka. Fuatilia shauri la mirathi lilikofunguliwa, mara nyingi ni Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikokuwa akiishi marehemu. Andika barua ya madai kwa msimamizi, weka jedwali la miezi, tarehe na kiasi, ambatisha tuzo na stakabadhi, kisha peleka nakala kwenye jalada la shauri na igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiweke pingamizi la uteuzi wa msimamizi kwa sababu tu unadai. Pingamizi humhoji msimamizi, halithibitishi deni.

Jicho liwe kwenye Fomu Na. V. Katika Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anatakiwa kuiwasilisha ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, na humo huorodhesha mali pamoja na madeni. Deni lako lisipokuwa humo, mweleze hakimu mapema, kabla ya Fomu Na. VI ya hesabu kupokelewa na shauri kufungwa. Likishafungwa, kumtengua msimamizi ni vigumu mno, na utabaki kufuatilia fedha iliyokwisha kuwa mabati na ada za shule. Asiye na uwezo wa wakili aende kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Aende na tuzo mkononi: bila karatasi hiyo, hata msaidizi mzuri ataanza kwa kukurudisha masjala ukaitafute.