Centralia haikumezwa na moto

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: eti mji wa Centralia, jimbo la Pennsylvania, Marekani, ulifunguka kama mlango wa jehanamu ukateketeza wakazi wote. Si kweli.

Moto upo, tena unawaka tangu 1962 kwenye makaa ya mawe chini ya ardhi. Lakini watu walihama. Mwaka 1981 mtoto wa miaka 12 alitumbukia kwenye shimo lililofunguka ghafla, akang'ang'ania mzizi hadi akavutwa akiwa hai. Miaka mitatu baadaye serikali ya Marekani ikatenga dola milioni 42 za kuwahamisha wakazi. Sensa ya 1980 ilihesabu watu zaidi ya 1,000. Ya 2020, watano. Pengo hilo ndilo huzaa uvumi.



Mara nyingi picha ya shimo la moto inayoambatanishwa na ujumbe huo ni ya Darvaza, shimo la gesi inayowaka nchini Turkmenistan. Itafute kwa picha mtandaoni, kisha fungua ramani ya setilaiti ya Centralia: utaona barabara, miti na nyumba chache. Tafadhali, ukiletewa tena ujumbe huo, usiusambaze. Waliohama wengi wana familia zao hadi leo.