Kwa nini kisima cha Lamu ukikichimba zaidi hugeuka chumvi?

Jirani yangu mmoja wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, alianza kuonja chumvi kwenye chai. Kwanza nyumbani walidhani sufuria haikusuuzwa vizuri. Kisha sabuni ikakataa kutoa povu, na hapo wakajua ni kisima. Akatafuta dawa kwenye simu, akapata video ya watu wa bara wakichimba kwa mtambo mkubwa. Mwenye mtambo alieleza kwamba maji ya juu ndiyo mabaya, na mtu akiendelea kushuka atayafikia matamu.

Akamwita fundi wa visima, mzee aliyechimba visima vingi pale. Mzee akateremka, akaonja maji, akapanda juu taratibu.

"Mwanangu, ukinilipa nitachimba. Lakini chini ya hapa ni bahari."

"Ami, kwenye video wamepita mita mia ndipo wakapata maji matamu."

"Hao wako mlimani. Sisi tuko juu ya maji."

Kisima kikachimbwa futi sita zaidi. Maji yaliyopanda hata punda aliyasusa.

Video ile haikusema uongo. Bara, chini ya mwamba, kweli huenda ukakuta maji mazuri yaliyojificha. Kisiwani mambo yamepinduka, na sababu yake ni uzito.

Lita moja ya maji ya mvua ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1 na gramu 25 hivi, kwa ajili ya chumvi iliyomo. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha. Mvua ikinyesha kisiwani hupenya mchangani na kushuka hadi ikutane na maji ya bahari, ambayo nayo yamepenya chini ya kisiwa kutoka pande zote. Mchangani hakuna mawimbi ya kuyakoroga, kwa hiyo hayachanganyiki upesi. Maji ya pepo, yaani matamu, hubaki juu, yakielea juu ya maji ya munyu, yaani ya chumvi.

Anayejua jahazi ataelewa haraka. Jahazi lililopakia boriti huonekana kidogo tu juu ya maji. Sehemu kubwa ya mwili wake imezama. Maji matamu ya kisiwa ni hivyo hivyo: manene katikati ya kisiwa, membamba kuelekea pwani, na sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari. Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Alexander Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kwa njia yake, walipiga hesabu ya jambo hili. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi ya maji matamu chini yake.

Hesabu hiyo hufurahisha mpaka uigeuze. Ukiyateka maji hadi usawa wake ukashuka mita 1, basi, yakiachwa yatulie, chumvi nayo itapanda mita 40 kutoka chini. Katika kisiwa cha mchanga hizo mita 40 mara nyingi hazipo kabisa. Na haihitaji kisiwa kizima kikauke. Pampu yenye nguvu ikivuta mahali pamoja kwa saa nyingi, chumvi huinuka chini yake kama kichuguu, ikifuata mdomo wa pampu, hata kama kisima cha jirani bado ni kitamu. Kuchimba zaidi ni kukifuata kichuguu hicho nyumbani kwake.

Mpaka wenyewe si mstari uliochorwa. Kuna ukanda wa maji ya kati kwa kati, nao hupanda na kushuka na bahari. Ndiyo maana wenye visima karibu na ufuo husema wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji huwa na ladha nyingine, na wakati wa maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, hutulia. Wala haihitajiki chumvi nyingi ili ulimi ulalamike. Ndimi nyingi huanza kuhisi chumvi pale kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi, inapopita miligramu 250 katika lita moja. Maji ya bahari yana miligramu 19,000 hivi. Piga hesabu: ndoo mbili za bahari katika ndoo mia za kisima zinatosha kuiharibu chai.

Sasa, kwa nini Shela? Kwa nini maji ya mabomba ya mji wa Lamu wenyewe yatoke kwenye visima vya vilima vya mchanga nyuma ya Shela, mahali ambapo mgeni huona jangwa?

Kwa sababu ule mchanga mtupu ndio tangi letu. Lamu hupata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, sehemu kubwa ikinyesha masika, na Mei ndiyo hutia fora. Mvua hiyo ikianguka kwenye udongo wa mfinyanzi, itasimama madimbwi na jua litaichukua. Ikianguka kwenye msitu mnene, miti itakunywa sehemu yake kwanza. Lakini mtanga wa Shela ni wa punje zilizo wazi na mimea michache. Mvua huzama kabla jua halijatoka tena. Ukitembea juu ya vilima asubuhi baada ya mvua ya usiku, ngozi ya juu ni kavu tayari, ila ukichimba kwa kiganja unagusa baridi. Maji yako njiani kushuka. Huchukua muda, na mchanga huyachuja yakipita.

Kwa hiyo nyumba inayojengwa juu ya vilima au miguuni pake si suala la kuharibu mandhari tu. Sakafu ya saruji na njia iliyosakafiwa huizuia mvua isizame, ikakimbilia baharini. Shimo la choo nalo hutumia mlango uleule wa mvua, na mchanga unaopitisha mvua haraka hupitisha na uchafu haraka. Juu ya hayo kuna pampu ya umeme, na penye nyumba kubwa ya wageni kuna bwawa la kuogelea na bustani ya majani mabichi katikati ya kiangazi. Sisemi watu wasijenge. Vijana wa Shela wanahitaji kazi na wanahitaji nyumba. Ila kila ninapoona kigingi kipya cha kiwanja kikipigwa kwenye mchanga mweupe, roho huniuma, maana najua ni nani atakayeinywa chumvi yake: ni mwanamke wa mtaa wa chini mwenye kisima kifupi na ndoo.

Nyumba za kale za Lamu zilikuwa na adabu yao ya maji. Bafuni kulijengwa birika la chokaa, lijazwe kutoka kisimani kwa ndoo. Ndani yake, chini kabisa, lilitiwa bakuli la kauri, ambamo samaki wadogo walibaki hai hata maji yakipungua, nao wakala viluwiluwi vya mbu. Uliyachota kwa kata, na kata ni ndogo. Hakuna aliyekuwa na habari za Herzberg, lakini mkono unaovuta kamba huchoka, na ukichoka kisima hupumzika, kichuguu kikashuka. Pampu haichoki. Tofauti kati ya kisima kitamu na cha chumvi mara nyingi iko hapo tu.

Tena tuna ushahidi ng'ambo. Ukivuka mkono wa bahari kutoka Shela hadi kisiwa cha Manda, utaufikia mji wa Takwa, magofu yake yamesimama kati ya mikoko na mibuyu. Takwa ulikuwa mji wa watu, na msikiti wake wa Ijumaa, mpaka ulipoachwa katika karne ya 17. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima kugeuka chumvi. Simulizi za Shela zasema wenyeji wa Takwa walihamia huku. Na mpaka leo watu wa Shela huvuka kwenda Takwa kuomba mvua penye kaburi la mnara, ambalo maandishi yake ni ya mwaka 1681 au 1682 kwa hesabu ya Miladi. Mimi safari hiyo hunigusa sana. Wazee wanakwenda kuomba mvua mahali ambapo maji yaliwashinda babu zao, kisha wanarudi jioni kunywa maji ya vilima.

Kuna sauti nyingine iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ikisema chumvi yetu imeletwa na kuchimbwa kwa bandari mpya ya bara, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Madhara ya bandari kwa wavuvi si hadithi. Mahakama Kuu ya Malindi iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Lakini maji ya kisima cha Shela hayaji kutoka bara kupitia chini ya mkondo. Yalishuka kutoka mawinguni juu ya kisiwa hiki hiki, na yanaharibikia hapa hapa. Kuielekeza lawama ng'ambo kunatuacha na pampu zetu zikinguruma usiku kucha. Jingine linalosambazwa ni kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu, basi fanya hivyo, ila chumvi haipai na mvuke. Hubaki sufuriani, na maji yaliyobaki huwa makali zaidi ya mwanzo.

Bahari yenyewe inapanda duniani kote, zaidi ya milimita 3 kila mwaka, na hilo litazidi kuwabana watu wa visiwa. Kwa sasa mkono wetu ndio unaovuta haraka zaidi.

Linalosaidia si siri. Visima vingi vifupi vilivyoachana, kila kimoja kikitekwa kidogo, vinashinda kisima kimoja kirefu chenye pampu kubwa. Kilichokwisha kuchimbwa kupita kiasi hujazwa tena chini. Na kuna mvua. Paa la bati la mita 100 za mraba, kwa mvua yetu ya milimita 900, hupokea lita 90,000 kwa mwaka. Ukipoteza moja ya tano kwa upepo na mifereji mibovu, bado una lita 72,000, yaani mitungi 3,600 ya lita 20. Watu wa kisiwa cha Pate walilijua hili zamani wakajenga jabia: uwanja uliosakafiwa kwa chokaa, umeinamishwa, mvua yote ikiingia tangini. Kiunga, huko kaskazini ya kaunti, shirika la GivePower lilijenga mwaka 2018 mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji kwa nguvu za jua. Ni jambo jema, lakini mtambo una vichujio vya kubadilishwa na mafundi wa kulipwa. Jabia lataka chokaa na ufagio.

Jirani yangu alimrudisha yule mzee. Zile futi sita zikajazwa mchanga na udongo wa kushindiliwa, pampu ikauzwa, na bati likafungwa mifereji hadi kwenye tangi. Kisima kikaachwa mpaka masika yapite. Juzi alinipa kikombe nionje. Kwa kufulia yanafaa, na sabuni inatoa povu. Kwa chai, bado.