Kwa nini mtoto hulia ndege inaposhuka, ilhali ilipopaa alikuwa kimya?

Ukiwauliza watu ni wakati gani masikio ya mtoto humuuma ndani ya ndege, wengi watakujibu: inapopaa. Mimi pia nilijibu hivyo kwa miaka mingi, tena nikalifanyia kazi jibu hilo. Binti yangu alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, ndiyo kwanza anakwenda tete, nilisafiri naye kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kumwona bibi yake. Chupa ya maziwa niliiweka tayari kwa ajili ya kupaa. Magurudumu yalipoachana na ardhi nikampa, akanywa yote, akalala. Mwanza tulitua akiwa amenuna kidogo tu. Nikaona dawa nimeipata.

Siku ya kurudi nikafanya vilevile. Akanywa, akalala. Kama nusu saa kabla ya kutua Dar akaamka kwa kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, mkono umeng'ang'ania sikio la kushoto. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa dirishani akaniambia, "Mwanangu, mpe ziwa, masikio hayo." Nikamjibu, "Hapana mama, tulishapaa zamani, sasa tunashuka."

Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Masikio ya mtoto huumia zaidi ndege inaposhuka, na sababu yake iko katika kimrija kifupi kuliko kidole chako cha mwisho.

Kosa langu lina mizizi, kwa sababu kupaa ndiko kunakojitangaza. Injini zinanguruma, mgongo unabanwa kwenye kiti, na masikio yanalia "pwa, pwa" hata kwa mtu mzima. Tukisikia mlio huo tunadhani sikio linateseka. Kumbe mlio huo ni habari njema: hewa iliyozidi ndani ya sikio imepata njia, imetoka. Wakati wa kushuka mara nyingi husikii mlio wowote. Sikio linaziba polepole, sauti za watu zinakuwa kama zinatoka chini ya maji, na mtu mzima anameza mate bila hata kufikiri. Mtoto naye amelala.

Kuna dhana ya pili inayoisaidia ile ya kwanza, nayo ni kwamba tukiwa mita 11,000 angani masikio yetu yako kwenye hewa ya mita 11,000. Hapana. Chumba cha abiria hujazwa hewa, na mgandamizo wake huwekwa uwe kama wa mlima wa mita 1,800 hadi 2,400 hivi. Kwenye mita 2,400 mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu ya ule wa pwani. Kwa hiyo sikio halipandi mita 11,000. Linapanda mlima wa kawaida, kisha linauteremka kwa muda wa nusu saa hivi. Aliyewahi kuteremka Kitonga akitoka Iringa, au kutoka Lushoto kwenda Mombo, anaijua hali hiyo bila ndege.

Sasa tuuangalie huo mrija. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna kijumba kidogo chenye hewa. Njia yake ya kupitishia hewa ni moja, mrija mwembamba unaoelekea nyuma ya pua, juu ya koo. Unaitwa mrija wa Eustachi, kwa jina la tabibu wa Italia Bartolomeo Eustachi, aliyeueleza katika karne ya 16. Muda mwingi mrija huo umefungwa. Upande wa koo kuta zake ni laini, zina unyevu, na zimelaliana.

Chukua kile kifuko chembamba na kirefu cha kufungia barafu za kuuza. Ulowe mdomo wake, kiwe na hewa ndani, halafu kikamue taratibu. Hewa inatoka bila shida: midomo ya plastiki inaachana, hewa inapita, midomo inarudi kulaliana. Hivyo ndivyo sikio linavyofanya ndege ikipaa. Hewa ya kijumbani imetanuka, inajisukumia njia yenyewe, na mtoto hana la kufanya.

Sasa fanya kinyume. Ndani ya kifuko hewa iwe haba, nje iwe nyingi. Utadhani hewa ya nje itaingia kwa urahisi uleule. Haiingii. Ile hewa ya nje ndiyo inayoikandamiza midomo ya plastiki ishikane zaidi, na kadiri tofauti inavyokua ndivyo inavyoshikana. Ndege ikishuka, mrija wa mtoto uko katika hali hiyo hasa. Kijumba kinahitaji hewa, na hewa hiyohiyo inayohitajika imeufunga mlango.

Mfano wa mlango ndio ulionifungua macho. Fikiria chumba chenye mlango unaofungukia nje. Watu wakijaa ndani wakausukuma, unafunguka wenyewe. Lakini umati ukiwa nje na umeuegemea mlango, lazima aliye ndani ausukume kwa nguvu zake. Wakiegemea wawili, ataweza. Wakifika thelathini, hata akiwa na nguvu kiasi gani, mlango hautikisiki. Katika sikio, huyo aliye ndani ni msuli mdogo wa kwenye kaakaa laini, nao hufanya kazi yake tunapomeza au kupiga miayo. Ukimeza mapema na mara kwa mara, unakuta umati wa wawili. Ukisubiri mpaka maumivu yaanze, umati umeshajaa. Ndiyo maana chupa inayotolewa mtoto anapokuwa tayari anapiga kelele mara nyingi haimtulizi: msuli unavuta, mlango umeshikwa.

Ukitaka kuuona mgandamizo huu kwa macho, kunywa maji ya chupa ya plastiki ndege ikiwa juu, ukimaliza ifunge kifuniko imara. Ukitua utaikuta imebonyea. Kiwambo cha sikio nacho huvutwa kwenda ndani namna hiyo, na kiwambo kina mishipa ya fahamu mingi.

Mtoto mdogo ana matatizo kadhaa kwa pamoja. Mrija wake una takriban milimita 18, kama nusu ya ule wa mtu mzima, na umelala karibu sawasawa badala ya kuinama. Ufupi peke yake haungemdhuru. Shida ni kwamba msuli unaoufungua haujapata nguvu wala pembe nzuri ya kuvuta. Ongeza mafua, ambayo mtoto wa umri huu huyapata mara kwa mara, nayo huvimbisha mdomo wa mrija upande wa pua. Halafu kuna usingizi. Tukilala tunameza mara chache sana. Kwa hiyo chupa niliyompa binti yangu tukipaa ilimpa msaada ambao hakuuhitaji sana, ikamlaza, na ikaisha kabla ya saa yake.

Na kwa nini Mwanza alinuna tu, Dar akapiga kelele? Hapa palinifurahisha nilipofanya hesabu. Mwanza iko karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na Dar iko karibu na usawa huo wenyewe. Chukua chumba cha abiria kilichowekwa kwenye mita 2,000. Kwenda Mwanza, sikio linateremka mita 850. Kwenda Dar linateremka karibu 2,000. Tena hewa ya chini ni nzito zaidi, kwa hiyo kila mita ya mwisho inabana kuliko ya juu. Tofauti ya mgandamizo inazidi mara mbili. Mzazi wa Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600, anaweza kuliona jambo hilohilo akiteremka Mombasa kwa likizo: mtoto akalia wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi akatua salama.

Basi cha kufanya kinafuata kazi ya mrija. Weka chupa, ziwa, kikombe chenye mrija au chuchu bandia kwa ajili ya kushuka. Usisubiri taa ya mikanda. Rubani akitangaza kwamba tunaanza kushuka, kama dakika 20 au 30 kabla ya kutua, au ukisikia sauti ya injini imepungua, anza hapo, kidogo kidogo, mtoto akiwa amekaa wima. Pipi na karanga usimpe mtoto wa umri huu, zinaweza kumkaba. Niseme wazi kwamba ushauri huu unasimama zaidi juu ya jinsi sikio linavyofanya kazi kuliko juu ya majaribio makubwa yaliyofanywa kwa watoto. Kuhusu kumwamsha aliyelala, mimi namwamsha akiwa na mafua. Akiwa mzima na usingizi ni mtamu, namwacha nikiwa na kikombe mkononi. Wapo wanaosema kilio chenyewe kinazibua masikio. Huenda kinasaidia, kwa sababu anayelia humeza pia, ila ushahidi ni mwembamba, na sioni vyema kumwacha mtoto alie kama njia ya matibabu.

Pamba masikioni haisaidii. Hewa inapita kwenye pamba, na hata isipopita, mlango uliofungwa uko upande wa koo. Hivyo hivyo vikombe vyenye vitambaa vya maji ya moto vinavyofunikwa masikioni: mvuke haupiti kiwambo kizima kufika kijumbani, na maji ya moto karibu na uso wa mtoto asiyetulia ni hatari ya kweli. Dawa za kuzibua pua nazo zina sifa kubwa kuliko matokeo. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 1999 uliwapa watoto wadogo pseudoefedrini kabla ya safari. Maumivu ya masikio hayakupungua, ila watoto walisinzia zaidi. Na usingizi, kama tulivyoona, hauusaidii mrija.

Si kila kilio ni sikio. Mtoto aliyefungwa mkanda, aliyechoka, aliyekosa usingizi wa mchana, ana sababu zake. Akilia muda wote wa safari, tafuta kwingine. Kikianza ghafla ndege ikishuka, na mkono ukaenda sikioni, ni vigumu kutolifikiria sikio. Sikio likibaki limeziba saa kadhaa baada ya kutua, mara nyingi huzibuka lenyewe. Likitoa usaha au damu, au mtoto akipata homa, au maumivu yakizidi siku moja, mpeleke hospitali.

Kuna uwanja mmoja unaolipindua jambo hili lote. Addis Ababa ndege hutua kwenye mita 2,334. Katika ndege nyingi chumba cha abiria tayari kiko karibu na hapo, hivyo sikio halisikii kitu cha maana. Ila Boeing 787 imeundwa chumba chake kisizidi mita 1,800 hivi. Mlango utakapofunguliwa Addis, hewa ya ndani lazima ilingane na ya nje, kwa hiyo ndege inaposhuka kwenda kutua, chumba cha abiria kinapanda zaidi ya mita 500. Dirishani unaona ardhi inakaribia, na sikio la mtoto linatoa hewa kama vile ndege inapaa. Msafiri wa Dar anayepitia Addis kwenda Ulaya anaweza kumwacha mtoto alale kwenye mshuko huo wa kwanza, na maziwa ayatunze kwa mshuko wa pili, ule wa kwenda kwenye mji wa chini.